Nenda Dukani na Nati Mfukoni

Gereji nyingi kati ya Kericho na Kaplong siku hizi zina kijana mmoja anayesifiwa kwa kufungua nati za paipu za breki kwa vaisigripu. Anabana, anavuta, chuma kinalia, nati inatoka. Wenye gari wanafurahi: "Huyu ana mkono!" Mkono upi? Nati imetoka haina pembe hata moja, paipu imejikunja, na flea yake, yaani mdomo wake uliotanuliwa, imepasuka. Mwenye Probox ataambiwa paipu "ilikuwa imezeeka," atauziwa ya shaba, atalipa, na kesho atamleta shemeji yake. Nimenyamaza muda mrefu. Lakini juzi nilimsikia mtu mzima, mwenye pikapu yake ya kubebea majani, akimsifu kijana wa namna hiyo kwa sababu ya seti yake ya spana. Ilikuwa inang'aa, imelala ndani ya mfuko wa plastiki wenye picha ya gari la mashindano, na kila spana imepigwa jina la Kijerumani. Jina lenyewe lilikuwa limekosewa herufi moja.

Tukubaliane kwanza tunaishi wapi. Vitabu vya kiwanda vya Toyota vinasema nati ya paipu ya breki ikazwe kwa newtoni mita 15. Ni nguvu ndogo, mkono wa kawaida unaifikia bila mtu kukunja uso. Ila vitabu hivyo havikuandikiwa Konoin. Huku mvua hushuka karibu kila alasiri, tope jekundu hujipaka chini ya gari na halipati nafasi ya kukauka, na mbolea ikifika pikapu zinabeba magunia ya NPK 26:5:5 kutoka kituo cha kununulia chai. Chembe zinapenya kwenye mianya ya bodi na kutua juu ya paipu ya ekseli ya nyuma. Mbolea hiyo huvuta unyevu na hula chuma. Watu wa Mombasa wana chumvi ya bahari, sisi tuna ya gunia. Misimu michache ikipita, nati na paipu zimeshikana zikawa kitu kimoja, na hapo ndipo spana hujulikana kama ni spana au ni pambo.

Tangu jioni ile ya tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction, lori lilipowavamia watu kando ya barabara wakafa zaidi ya 50, kila kibaraza kina mjuzi wa breki. Ni haki ya watu kuuliza. Ila malori makubwa ni breki za upepo, hiyo ni habari nyingine na vifaa vingine. Mimi nasema juu ya magari yanayotubeba sisi kila siku: Probox, Hiace, pikapu, na Isuzu ndogo zinazokimbiza majani mabichi kiwandani kabla hayajaharibika. Hizo breki zake ni za mafuta, na mafuta hupita kwenye paipu, na kila mwisho wa paipu una nati.

Spana ya nati hiyo ni ringi iliyokatwa, yaani ringi yenye mdomo wa kupitishia paipu. Ya kawaida niyamalize haraka. Yenye pembe 12, irudishe ilikotoka. Sitaki maelezo. Pembe ziwe 6. Mdomo upitishe paipu na nafasi kidogo tu, kwa maana paipu yenyewe ni milimita 4.75 na kila unachoongeza hapo umekiiba kwenye ukuta unaoshika nati. Ukuta wa mabegani, pande zote mbili za mdomo, uwe mnene kuliko ule wa nyuma ya ringi au angalau ulingane nao. Kichwa kilale kidogo, kisiwe sambamba na mpini. Spana isizidi shubiri moja kwa urefu. Anayetaka mpini mrefu anataka kuponda flea, na ataiponda. Rangi iwe ya kufifia. Kromu inayoonyesha uso wako ni ya bafuni, na kwenye mkono wenye mafuta ya breki inateleza. Halafu iangushe kwenye sakafu ya saruji: chuma kilichofuliwa huimba, cha kumimina hukohoa. Muuzaji akikukataza kuiangusha, umeshajibiwa.

Majina? Gedore, Hazet, Stahlwille, KTC ya Kyoto. Ndugu wa Dowidat wa Remscheid walianza Gedore mwaka 1919, na hadi leo ukishika ya kweli unajua kuna mtu alikasirika ili itoke hivyo. Za Ulaya tafuta alama ya DIN 3118, ndiyo kanuni ya ringi za namna hii. Lakini alama hupigwa na mwenye nyundo yoyote, na maneno "Chrome Vanadium" nimeyaona kwenye spana iliyopinda kwa nati ya baiskeli. Kwa hiyo soma maandishi, kisha yasahau.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mnunuzi mgeni halitazami kabisa. Geuza spana, iinue kwenye mwanga, tazama ukingo wa ndani wa ringi pale nati inapoingilia. Ukingo huo umelazwa mshazari. Kila spana ina mshazari kidogo, ndio unaoiongoza nati iingie. Swali ni umelazwa kiasi gani.

Kichwa cha nati ya breki ni kifupi. Tena mara nyingi kimekaa karibu kabisa na mwili wa silinda ya gurudumu au wa masta silinda, hivi kwamba uso wa spana ukigusa silinda ndio mwisho, haushuki tena. Na pale penye mshazari spana haigusi nati. Chukua ringi yenye unene wa milimita 7, iliyolazwa milimita moja na nusu kila upande. Kinachoshika ni milimita 4. Ondoa na sehemu ya juu ya nati iliyokwisha liwa na kutu. Unabaki umeshikilia utepe mwembamba wa chuma, na nguvu yako yote inaishia hapo. Pembe zinavunjika, kijana ananyoosha mkono kuchukua vaisigripu, na mwenye gari anaambiwa nati ilikuwa mbovu tangu awali.

Kwa nini watengenezaji wa spana za bei rahisi hulaza mshazari mkubwa? Kwa sababu sisi wanunuzi tunaupenda. Mtu dukani hujaribu spana kwenye bolti yoyote iliyo mezani. Ikiingia kwa ulaini, anatabasamu, anasema inaingia vizuri. Spana iliyotobolewa ovyo inahitaji ukingo mpana ili ionekane inaingia. Ya kweli husita kidogo mlangoni, lazima uielekeze ndipo ikae. Mnunuzi asiyejua huiona ngumu akairudisha, na nimewahi kununua nzuri kwa bei ya mabaki kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee mmoja aliyesimamia karakana ya shamba kubwa la chai hapa Kericho, enzi za jina la Brooke Bond, hakuhitaji hata mwanga. Sisi vijana tulimwita Boiyot, kwa heshima na kwa woga. Alikuwa anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa ndani. Ukucha ukiteleza, spana inarudi mezani bila neno. Ukikwama kwenye ukingo mkali, anauliza bei. Siku moja mwenye duka alimbembeleza: "Mzee, hii ni kromu vanadiamu, ni ya kutoka nje." Boiyot akamjibu, "Nimekuuliza unene, sijakuuliza kabila lake."

Ndiye aliyetufundisha kwenda dukani na nati mfukoni. Nati mpya ya breki, ya Toyota, kichwa cha milimita 10, gharama yake haifiki ya chai na mandazi. Ivalishe spana, shikilia nati kwa vidole vya mkono mmoja isizunguke, kisha chezesha mwisho wa mpini kwa kidole cha mkono wa pili. Ya kweli husogea kiasi cha unene wa penseli. Ya sokoni hutembea zaidi ya upana wa kidole, na wewe ndiye utakayelipia hiyo safari. Halafu geuza spana, uivalishe kwa uso wa pili. Zipo zinazoshika upande mmoja na kucheza upande mwingine, kwa maana tundu lake limetobolewa likasinyaa katikati ya njia. Chini ya gari, mvua ikinyesha, hutachagua upande. Sehemu nyingine spana huingia kwa uso mmoja tu.

Ukitaka uhakika kamili, omba jitezo na kiwi ya viatu. Paka nati kiwi nyembamba, ibane kwenye jitezo, ivute kwa spana kidogo tu, kisha uitoe na kusoma alama. Kiwi ikiwa imefutika kwenye mkanda mpana, juu hadi chini, hatua kidogo kutoka kwenye pembe, lipa. Ikiwa imefutika kwenye mstari mwembamba juu ya pembe zenyewe, au nusu ya urefu tu, rudisha jitezo, shukuru, ondoka. Wapo wauzaji watakaokasirika. Acha wakasirike.

Matapeli nao wana ufundi wao. Aliyezoeleka ni yule anayechukua ringi ya kawaida, anaikata mdomo kwa grainda, anaipaka rangi ya fedha na kuipanga pamoja na za kweli. Ringi ya kawaida ilifuliwa iwe duara zima. Ukuta wake ni mwembamba kwa sababu hakuna mtu aliyetarajia ukatwe, na ukishaukata unapanuka kila unapovuta. Tazama kingo za mdomo: moto wa grainda huacha rangi ya samawati kwenye chuma, na palipo samawati chuma kimelainika. Kama rangi imefunika, kwangua kwa sarafu. Boiyot mwenyewe aliwahi kukata ringi ya Kijerumani, nene, kwa msumeno wa mkono, taratibu, akimwagia maji, na hadi anastaafu ilikuwa inafanya kazi kwenye klachi ya trekta. Lakini yeye alikuwa yeye.

Tapeli wa pili ndiye anayenikosesha usingizi. Nati ikishaliwa pembe, anakata paipu, anaikunja, anaigonga kwa nyundo mpaka izibe, anatoa hewa kwenye breki za magurudumu matatu yaliyobaki, na kanyagio linakuwa gumu zuri kabisa. Mwenye gari analijaribu uani, anaridhika. Kisha anapakia watu 9 kwenye Probox na kuteremka kutoka Kapsoit kuelekea Awasi kwa magurudumu matatu, asijue. Yote hayo yalianza na mshazari uliolazwa kupita kiasi kwenye spana ya bei ya soda mbili.

Zamani, na nitasema zamani hata mkichoka kuisikia, karakana za mashamba zilikuwa na ubao ukutani, kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi. Jioni ubao ulikaguliwa. Umbo likiwa tupu, hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka spana ipatikane, na mara moja ilipatikana ndani ya Land Rover iliyokuwa imeshafika Sotik, ikafuatwa. Kijana mgeni hakupewa ringi ya breki mpaka akae muda akisafisha nati kwa brashi ya waya na kuzidondoshea mafuta ya kupenyeza, akifundishwa kukaza kidogo kwanza ndipo afungue, na kuangalia kama paipu inazunguka pamoja na nati. Ikizunguka, unaacha. Leo nani anaacha?

Za kununua, basi. Kwa Toyota anza na 10 kwa 12, mwisho wa 10 ndio utakaouchosha. Kwa za Ulaya 11 ni ya lazima. Usinunue seti. Seti ni njia ya kuuza spana tatu mbaya nyuma ya moja ya wastani. Nunua moja nzuri, kisha nyingine ukipata fedha. Usiiazime, hata kwa ndugu. Itarudi imepanuka mdomo na salamu nyingi.

Kwa Land Rover za zamani, zile ambazo bado zinanguruma kwenye barabara za ndani ya mashamba, nati ni ya inchi 7/16, na 11 ya kubana sana inaweza kukataa kuingia kwa sababu 7/16 inaizidi kwa sehemu ya kumi ya milimita. Usiigonge kwa nyundo ili iingie. Tafuta yenyewe. Mimi pia natafuta 7/16, ya Kiingereza, ambayo kingo zake za ndani bado ni kali, kwa ajili ya gari la jirani lisilotaka kufa. Mwenye nayo asinitumie picha. Aje nayo Kapkatet siku ya soko, mimi nitakuja na nati.