Bili ya Mteja Aliyeondoka Ilipwe na Nani?

Wenye migahawa wa Musoma, Bunda na Butiama wanapolalamikia wahudumu wasiodumu kazini, lawama huangukia udogo wa mshahara au tabia za vijana. Mshahara una uzito wake, sikatai. Lakini kinachofukuza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni makato. Sahani ikivunjika, hesabu ya jioni ikipungua au mteja akiondoka bila kulipa, fedha hutolewa kwenye ujira wa mhudumu. Mtu aliyetajiwa mshahara siku ya kuajiriwa hubebeshwa hasara ya biashara ambayo faida yake haimhusu. Hawezi kupanga kodi ya chumba wala ada ya mtoto, hivyo nafasi yoyote ikitokea kwingine ataondoka, hata kama mshahara wa huko haujazidi.

Bunda inaonyesha vizuri hasara hiyo inavyozaliwa. Mji uko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari. Abiria hushuka kwa pamoja, wana dakika chache, na honi ikilia kila mmoja hukimbilia basi. Mhudumu anayepokea oda, kubeba chakula na kudai fedha baadaye, tena kwa meza kadhaa peke yake, atapotewa na bili hata awe mwaminifu kiasi gani. Kasoro hapo iko kwenye mpangilio wa kazi. Mteja akilipa kaunta kwanza na kupewa tiketi ya kuchukulia chakula, tatizo limekwisha kabla halijamfikia mhudumu. Pale ambapo watu hula kwanza, kama kwenye meza za jioni za Musoma, kitabu cha oda chenye nakala, moja jikoni na moja kwa mtunza fedha, pamoja na Lipa Namba ya biashara badala ya simu ya mhudumu, huonyesha upungufu umetokea mkononi mwa nani. Msimamizi hupata ushahidi, naye huacha kuongoza kwa kushuku kila mtu.

Wapo watakaosema kuwa makato yakiondolewa wahudumu watalegea, na wezi watapumua. Hofu hiyo ina msingi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeizingatia. Haikupiga marufuku makato ya hasara, iliyawekea masharti. Mfanyakazi lazima akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi hasara yenyewe wala robo ya ujira wake. Tuseme mhudumu analipwa shilingi 240,000 kwa mwezi, na meza ya watu sita waliokula sato imeondoka na deni la 72,000. Hata kosa likithibitika kuwa lake, haiwezekani kumkata zaidi ya 60,000 mwezi huo. Na ikiwa aliachiwa meza nyingi kuliko uwezo wake, kosa lenyewe litathibitishwaje?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mapato hupanda na kushuka. Ni kweli. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, na fedha hupungua kwenye mialo ya Musoma na kwa mama ntilie wanaoitegemea. Ila kalenda ya mwezi inajulikana. Mwenye mgahawa anaweza kutenga akiba siku za giza ili mishahara ya siku za mwanga isiyumbe. Mhudumu hana akiba ya kutenga. Butiama, ambako makundi ya wageni wa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere hayaji kila siku, njia ni kuwa na wafanyakazi wachache wa kudumu, na vibarua wanaofahamika wa kuitwa wageni wakiwa wengi, wakilipwa jioni ile ile bila kukatwa. Wa kudumu wapewe maelezo ya ajira kwa maandishi, kama sheria inavyotaka, na humo iandikwe wazi, kabla hawajafunga aproni ya kwanza, ni hasara ipi itabebwa na mgahawa.