Nani Aliushona Mtepe?

Waandishi wenzangu, safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki vikaratasi, vile vinavyobandikwa chini ya kila kitu kwenye makumbusho, mistari mitatu minne, ambavyo wengi wetu tunavipita kama matangazo ya mnada.

Mimi natoka Ilula, kwenye nyanya na vitunguu, mbali kabisa na maji ya chumvi. Baada ya kidato cha nne nilijitolea miezi mitatu kwenye makumbusho madogo ya historia ya bahari huko pwani. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kuwasomea wageni vikaratasi hivyo. Sasa, maandishi ukiyasoma kwa sauti kila siku, utayajua tu, uzuri wake na kasoro zake.

Uzuri wake ni maneno. Huko ndiko nilikojua kwamba chombo kina omo mbele na tezi nyuma, kwamba tanga huning'inia kwenye foromali na huongozwa kwa demani, na kwamba mianya ya mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta. Sisi chipukizi tukiandika bahari, tunaandika nini? Mashua, mawimbi, machweo. Basi. Hata aliyekaa bara anastahili kujua jina la kamba kabla hajamshikisha mhusika wake.

Kasoro sasa. Karatasi ya mtepe inaeleza kwamba chombo hiki cha kale cha pwani kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, kikafungwa tanga la mkeka. Kweli tupu! Lakini kilishonwa na nani? Makumbi hufukiwa kwenye matope ya ufukwe kwa miezi, yakaoza, ndipo yakapondwa na kusokotwa. Kazi hiyo pwani imekuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Kwenye karatasi hawamo. Yamo ilijengwa, ilitumika, ilisafirishwa, kama kwamba vyombo vilijijenga vyenyewe na kujipakia pembe za ndovu.

Nilijaribu kuiandika upya: Wanawake walifukia makumbi, wakayaponda, wakasokota kamba, mafundi wakazishonea mbao. Mistari ile ile miwili. Nikampelekea mzee mmoja pale kazini. Akasoma, akatabasamu, akasema, "Mwanangu, hii ni hadithi. Sisi hapa tunaandika historia."

Namheshimu mzee, ila hapo simkubali. Kumtaja mtenda kazi siyo kutunga. Adam Shafi alilijua hilo. Riwaya yake ya Kuli, iliyotoka 1979, imejengwa juu ya maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Ukiisoma, bandari haiwi tena picha ya meli. Ni mabega ya watu. Wengi tumeujua mgomo ule kupitia riwaya, siyo kupitia kabati la kioo.

Mtaniambia, wewe Mhehe bahari inakuhusu nini? Inanihusu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, si mbali na kwetu, jeshi la Mkwawa lilikisambaratisha kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo. Miongoni mwa askari wake walikuwamo Wasudani walioandikishwa Misri na kuletwa pwani kwa meli. Kila meli ya zamani iliyomo makumbusho ilishusha mtu, na mtu huyo akatembea akaingia bara. Nani ataandika safari ya askari huyo kutoka sitaha ya meli hadi mawe ya Lugalo, kama siyo sisi wa huku?

Wala tusidhani vitu vitatusubiri. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, ilikuwa makumbusho, na ukumbini mwake uliwekwa mtepe mzima ulioundwa upya kwa mfano wa ile ya kale. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili walikufa. Mbao huoza, na kuta huanguka. Kinachobaki ni maandishi, na kama maandishi nayo hayana watu, basi watu wale wamepotea mara mbili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina ombi. Chukueni ukurasa mmoja wa miswada yenu, uwe wa bahari, wa shamba au wa stendi ya mabasi. Zungushieni kalamu kila ilifanywa na kila ilipelekwa, na pembeni andikeni: na nani? Msipopata jibu, msiukimbize ukurasa huo kwa mhariri. Nendeni kwanza mkaulize.