Kasha la Njumu: Jinsi Ukale Wake Unavyopimwa kabla ya Kununuliwa

Kasha la njumu, yaani sanduku kubwa la mbao ngumu lililopambwa kwa vichwa vya misumari na mabamba ya shaba ya njano, ni miongoni mwa vitu ambavyo wakusanyaji wa vitu vya kale huvitafuta sana katika maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hasa yale ya mtaa wa Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe na bustani ya Forodhani. Katika maduka hayo, makasha ya karne ya 19 huwekwa pamoja na makasha yaliyotoka karakana za Unguja juzijuzi, na baina yake lipo kundi la tatu, gumu kulihukumu kuliko yote mawili, la makasha yenye kiwiliwili cha zamani na mapambo mapya. Kwa sababu hiyo, swali la kama kasha ni la kale au si la kale halimfikishi mnunuzi mbali. Linalomfaa ni lile la sehemu zipi ni za asili, zipi zimefanywa upya, na bei inayotajwa inalipia zipi.

Chimbuko la makasha haya halikuwa Unguja peke yake. Mengi yalitengenezwa katika miji ya pwani ya magharibi ya India, yakapakiwa katika majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na kufika Unguja pamoja na nguo, nafaka na vyombo vya shaba. Nahodha aliweka humo fedha na karatasi zake, bibi harusi nguo na vipuli vyake, na familia ikalirithi kasha kizazi baada ya kizazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi za Kiarabu na Kihindi ziliondoka visiwani, na samani ambazo zingebaki ndani ya nyumba zikabadilisha mikono. Kasha ambalo leo linauzwa kama urithi usioguswa huenda limepita kwa wenyewe kadhaa, na kwa hiyo mikononi mwa mafundi kadhaa.

Wauzaji hutumia majina matatu: Shirazi, Surat na Bombay. La Shirazi husifiwa kwa mabamba yaliyokatwa kwa ustadi na njumu zilizopangwa kwa nafasi, la Surat kwa wingi wa misumari na vipande vya shaba vinavyokaribia kuufunika ubao wote, na la Bombay kwa nakshi zilizochongwa kwenye mbao zenyewe. Majina haya yanasaidia kueleza mtindo, lakini hayathibitishi mahali pa asili. Uajemi, uliko mji wa Shiraz, haina misitu ya msaji, mti uliotumika katika mengi ya makasha haya, na kasha la msaji linaloitwa Shirazi lazima mbao zake ziwe zimetoka kwingine, hata kama mchoro wake ulipendwa huko. Jina la Shirazi, kwa kweli, hupandisha bei zaidi ya linavyoongeza maarifa.

Upimaji wenye manufaa huanzia kwenye mbao, tena zile ambazo fundi hakukusudia zionekane. Msaji ni mti mzito kiasi, wenye mafuta ya asili, unaostahimili maji na usioliwa na mchwa kwa wepesi. Mti mwingine uliotumika ni sesemi, mti wa Kihindi wa jenasi ya Dalbergia, ambayo ndiyo jenasi ya mpingo. Makasha mapya ya Unguja hutengenezwa pia kwa mbao zinazopatikana karibu, kama za mwembe na mfenesi, kisha hupakwa rangi ya hudhurungi ili zifanane na msaji. Rangi ya kupakwa hujifichua kwa usawa wake: huingia kwenye nyufa, hushuka ndani ya maungio na kuwa na kina kilekile kila mahali, ilhali weusi wa miaka hukaa pale mikono ilipogusa na kufifia pale isipofika.

Kasha likipinduliwa, upande wa chini na wa nyuma husimulia mengi. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mkono huwa na mikwaruzo iliyonyooka lakini isiyolingana, kwa kuwa mkono wa binadamu hauvuti kwa nguvu ileile kila mara. Msumeno wa mviringo unaoendeshwa kwa mashine huacha alama za pinde zinazofuatana. Alama hizo za pinde peke yake hazitoshi kulitia kasha hatiani, kwa sababu misumeno ya namna hiyo ilikwisha kutumika katika karne ya 19, lakini zinapingana waziwazi na muuzaji anayedai kasha lake ni la karne ya 18. Pembeni, ambako mbao mbili hukutana, hutazamwa meno yanayopanuka kuelekea ncha na kuingiana: yaliyokatwa kwa patasi na mkono hutofautiana upana, na yaliyokatwa kwa mashine hufanana yote. Ubao, tena, hunywea kwa upana wake zaidi ya urefu wake kadiri miaka inavyopita, hivyo mfuniko wa kale uliotengenezwa kwa mbao mbili au tatu aghalabu huwa na ufa au mwachano, na mfuniko mkubwa usio na hata ufa mmoja unastahili kuulizwa maswali.

Ushahidi mkali kuliko huo wote umo katika skrubu, yaani misumari yenye mizunguko inayokazwa kwa bisibisi, kwa kuwa historia yake inajulikana kwa miaka. Skrubu za zamani zilikuwa butu nchani, zikihitaji kutobolewa tundu kwanza. Mwaka 1846 Mmarekani Thomas Sloan alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya skrubu yenye ncha kali inayojichimbia njia, na mwaka 1854 kampuni ya Nettlefold & Chamberlain ya Birmingham, Uingereza, ikaanza kuzitengeneza kwa wingi. Bawaba iliyofungwa kwa skrubu zenye ncha kali, basi, haikufungwa hivyo kabla ya katikati ya karne ya 19. Skrubu yenye mfuo wa msalaba kichwani, ambayo Henry Phillips aliipatia hataza mwaka 1936, husogeza tarehe mbele zaidi. Hata hivyo tarehe inayopatikana ni ya kufungwa kwa bawaba, si ya kutengenezwa kwa kasha. Kinachoamua ni matundu yaliyo chini ya bawaba. Yakionekana matundu ya zamani yaliyozibwa, yasiyolingana na skrubu za sasa, bawaba ilibadilishwa na kiwiliwili kinaweza kuwa kikongwe. Yasipoonekana, yaelekea skrubu na kasha vina umri mmoja.

Shaba, ambayo ndiyo huvuta macho ya mnunuzi, ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, kwa maana ndiyo sehemu inayobadilishwa kirahisi. Njumu za kale ni kichwa kizito na mguu wa shaba moja, na nyingi za kisasa ni kofia nyembamba iliyobandikwa juu ya mguu wa chuma. Sumaku ndogo humaliza ubishi huo papo hapo, kwani chuma hukamatwa nayo na shaba haikamatwi. Mabamba yaliyofuliwa kwa nyundo huwa na unene usio sawa, na kingo za mapambo yake huwa zimekufa makali kwa kusuguliwa ukwaju au ndimu miaka na miaka, ilhali bamba jipya humkwaruza mtu kidole. Muuzaji akikubali kulegeza bamba moja, ubao uliofichwa chini yake hautakuwa na rangi moja na ulio wazi ikiwa bamba limekaa hapo muda mrefu. Wasiwasi huja pale ambapo rangi ni moja, au kivuli cha bamba jingine lenye umbo tofauti kinachungulia.

Ndani ya kasha, upande mmoja, kwa kawaida huwa na kijisanduku chenye mfuniko wake, na katika baadhi ya makasha chini yake kuna watoto wa siri, yaani droo zilizofichwa, wanaofunguliwa kwa kuvutwa ubao mdogo. Sehemu hii haipambwi tena kwa ajili ya soko, na kwa sababu hiyo huaminika. Miguu ni kinyume chake: ilisimama kwenye sakafu zilizodekiwa maji, ikaoza, ikabadilishwa, na si haki kulidharau kasha kwa ajili hiyo. Fukusi, mdudu atoboaye mbao, naye hutambuliwa kwa unga: tundu kavu ni historia, bali unga mweupe unaodondoka upya ni gharama inayomngoja mnunuzi.

Bei ya haki, kwa kipimo hiki, hufuata kiwiliwili kwanza, kisha bawaba na komeo, na shaba mwisho, kinyume kabisa na mpangilio wa madukani, ambako kasha linalong'aa zaidi ndilo ghali zaidi. Matengenezo si udanganyifu yakitajwa. Stakabadhi inayoandika mti, sehemu zilizobadilishwa na jina la muuzaji ina thamani zaidi ya hadithi ya sultani aliyelimiliki kasha. Anayetaka kulizoesha jicho lake anaweza kuanzia, yakiwa wazi kwa wageni, katika Makumbusho ya Kasri, yaliyofunguliwa mwaka 1994 hapohapo ukingoni mwa Forodhani, ambako samani za masultani zilihifadhiwa.

Linabaki suala la kulitoa kasha nje ya nchi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kwa milango na miimo ya kuchongwa inaweka mpaka wa mwaka 1940. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, kwa kuwa mambo ya kale si jambo la Muungano, na mnunuzi huulizia kibali kabla ya kulipa. Hapo muuzaji anayethibitisha ukale ili apandishe bei huwa pia anaongeza ugumu wa kulisafirisha kasha. Kasha la sesemi lina mzigo wa pili, kwani tangu tarehe 2 Januari 2017 jenasi ya Dalbergia imo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kitu kizito cha mti huo huhitaji hati mipakani. Msaji haumo katika orodha hizo, na ndiyo maana mti wa kasha hutambuliwa kwa uhakika, kwa kukwanguliwa kidogo upande wa chini, kabla ya fedha kutoka.