Wazee Jukwaani Kando ya Mississippi

Wazee wanaweza kuigiza, jamani. Nalisema hilo mapema, maana mhakiki akishaonekana ananoa kisu watu hudhani amekuja kuchinja.

Julai 2019 nilikuwa Iowa, Marekani, mgeni wa binamu yangu. Ijumaa moja akanipakia garini, tukavuka mto Mississippi mpaka Nauvoo, mji mdogo wa jimbo la Illinois. Hapo ndipo wafuasi wa Joseph Smith, hawa tunaowaita Wamormoni, walipoanza kujenga mji wao mwaka 1839, na hapo ndipo walipoanza kuhama Februari 1846 kuelekea magharibi. Kanisa lao limezikarabati nyumba nyingi za zamani, na wanaozihudumia ni wamisionari. Msiwafikirie wale vijana wawiliwawili wa shati jeupe na tai. Wengi wa hapa ni mume na mke waliostaafu, wanaojilipia gharama zao wenyewe na kukaa miezi sita, wengine karibu miaka miwili. Kanisani kwao hata kijana wa miaka 18 akitumwa huitwa Mzee. Hawa walau cheo kinalingana na mvi. Mchana bwana ni mhunzi au mchapaji, bibi anagawa biskuti za tangawizi. Jioni, wakati wa kiangazi, wanapanda jukwaani.

Jukwaa tuliloliona lilikuwa la wazi, karibu na mto. Jua linazama upande wa Iowa, mbu kama wa kwetu tu. Nyimbo, vichekesho, fidla, gauni ndefu na suruali za mikanda ya mabegani. Kwa upande wa fani, kazi yenyewe ni nyepesi. Vichekesho vingi unavisikia vinakuja kutoka mbali, kama basi bovu linavyopanda mlima. Vijana wa kikundi wana sauti zilizofundishwa, hilo sibishi, lakini tabasamu zao hazizimiki hata kidogo, na baada ya dakika ishirini mtazamaji ndiye anayechoka mashavu.

Kisha akaingia mzee mmoja na mkewe. Igizo fupi: mume haskii vizuri, mke ana maneno mengi. Mzaha wa kale kuliko mto wenyewe. Katikati mzee akasahau maneno. Kimya. Nikasema moyoni, kwisha kazi. Mkewe hakumnong'oneza. Alimsogelea, akamrekebishia kola ya shati polepole, kama ndivyo ilivyoandikwa, na mzee akakumbuka. Watu wakacheka, lakini sasa kilikuwa kicheko cha namna nyingine kabisa. Ndoa yao nzima ilikuwa katika kidole kile. Mkitafuta mwigizaji wa miaka 22 awape kitu cha namna hiyo, mtasubiri sana.

Basi, lawama yangu ni kwa aliyeandika onyesho. Waigizaji anao, na mji wenyewe umejaa visa. Mji huu ulipenda jukwaa tangu mwanzo: mwaka 1844 waliigiza tamthilia ya Pizarro, na Brigham Young, aliyekuja kuwaongoza baadaye, akashika nafasi ya kuhani mkuu. Mwaka huohuo, tarehe 7 Juni, waliojitenga na Smith walitoa gazeti, Nauvoo Expositor, wakimshutumu kwa ndoa za wake wengi na kwa kujilimbikizia madaraka. Lilitoka toleo moja tu. Tarehe 10 baraza la mji, Smith mwenyewe akiwa meya, likaamuru mtambo uharibiwe, ukaharibiwa jioni ileile. Tarehe 27 Smith na nduguye Hyrum wakauawa na genge lenye silaha katika jela ya Carthage. Wenzangu wa kalamu, hamuoni tamthilia hapo? Kila upande una kidonda chake na kosa lake. Jioni ile jukwaani hakuna aliyeligusa.

Mtaniambia: bwana wee, ni burudani ya familia, watoto wamelala mapajani, unataka wasomewe kesi? Nakubali, nusu. Ila linaniuma kwa sababu nami nimewahi kulifanya. Kikundi chetu pale Temeke tuliandika mchezo wa ukimwi kwa ajili ya mfadhili. Kulikuwa na onyesho moja ambamo muuguzi ndiye anayetoa siri ya mgonjwa mtaani. Mfadhili akasema litoke. Tukalitoa, tukalipwa. Mchezo ukawa safi kabisa, na hakuna aliyeukumbuka, hata sisi wenyewe. Kwa hiyo sina ubavu wa kumcheka mtu.

Tulilala palepale. Asubuhi tukaingia nyumba ya uchapaji, na nani amesimama pale na aproni ya wino? Mzee wetu wa jana. Akatuonyesha herufi za risasi, jinsi zinavyopangwa kinyumenyume, mkono unakimbia kuliko jicho. Nikamwuliza: na ule mtambo mwingine, wa Expositor? Binamu akanikanyaga mguu. Mzee aliweka herufi chini. Akasema ndiyo, baraza liliamuru, na kwamba yeye si hakimu. Lakini tangu aanze kushika herufi hizi, akasema, humuwaza mtu aliyezipanga zile, kazi ya siku ngapi sijui, ikamwagwa barabarani. Alisema bila sauti ya jukwaani. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alimtazama vilevile kama jana kabla ya kumshika kola.

Hapo nikaona onyesho nililolikosa usiku. Dakika mbili, mzee, meza na kisanduku cha herufi. Halimshitaki mtu. Mwandishi angelipenyeza kati ya wimbo na wimbo, na watoto wangeendelea kulala.

Baadaye tulipiga soga. Wakatueleza matembezi yao ya siku za mapumziko: Carthage wamekwenda mara mbili, mara ya pili kimyakimya. Wamefika Hannibal pia, alikokulia Mark Twain. Huyu naye alikuwa mchapaji. Mwaka 1855 na 1856 alifanya kazi kwa kaka yake mjini Keokuk, chini kidogo tu ya mto. Na ndiye aliyekidhihaki kitabu chao kitakatifu katika Roughing It, 1872. Mnajua hilo? nikawauliza. Bibi akasema wanajua, na kwamba bwana huyu alinunua kitabu chenyewe dukani kulekule na kucheka njia nzima hadi Nauvoo, yeye akimwambia aangalie barabara.

Wakati wa kuondoka mzee alinichapia karatasi moja na kunipa mkononi. Wino ulikuwa haujakauka. Binamu mpaka leo ananidai kiti cha gari.