Mshono wa Chupa na Umri wa Jaa la Misheni

Misheni ya Nyegina, jirani na mji wa Musoma, iliasisiwa na Mapadri Weupe mwaka 1911, yaani katikati ya zama ambazo chupa ilikuwa ikiacha kupulizwa kwa pumzi ya fundi na kuanza kutolewa na mashine. Na kwa sababu hiyo mwenye kutaka kujua umri wa chupa zifukuliwazo katika jaa la misheni kongwe namna hii na aanze na mshono, kabla hajashughulika na maandishi.

Chupa ya fundi ilipulizwa ndani ya kalibu ya chuma yenye vipande viwili, na pale vipande vilipokutana ulibaki mstari mwembamba ubavuni. Baada ya kuikata kutoka kwenye bomba la kupulizia, fundi aliutengeneza mdomo kwa koleo ungali moto, na kazi hiyo ikaufuta mstari. Basi ukipitisha ukucha kutoka kitakoni, nao mshono ukapotea shingoni kabla ya kufika mdomoni, hiyo ni kazi ya mkono. Mashine aliyoibuni Michael Owens huko Marekani, iliyofanikiwa mwaka 1903, ilitangulia kuufinyanga mdomo, hivyo mshono ukapanda hadi juu kabisa, na kitakoni likabaki kovu la mviringo, aghalabu limekaa upande, pale kisu kilipokata kioo kilichofyonzwa. Hata hivyo viwanda vingi vya Ulaya viliendelea na kazi ya mkono kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo mshono uliokatika hautoshi peke yake kuwa hoja.

Tena misheni haikosi divai ya misa, na hapo ndipo wengi hupotoka. Chupa nyingi za divai zilizungushwa ndani ya kalibu kioo kingali laini, mshono wote ukafutika, ikabaki mikwaruzo myembamba ya mlalo ikiuzunguka mwili. Asiyeijua mikwaruzo hiyo huidhania chupa kuwa ya kale mno, ilhali yamkini ilipakiwa katika reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, kisha ikavushwa ziwani. Rangi nayo hudanganya: kioo cheupe chenye manganizi hugeuka zambarau kwa kupigwa na jua, si kwa kulala udongoni, na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua hueleza zaidi unyevu wa ardhi kuliko wingi wa miaka.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba katika nchi ambamo chupa ilitoka mbali, haikutupwa upesi. Ilipokwisha divai ilitiwa mafuta ya taa, au samli, au asali, ikapita mikono mingi. Hata chupa iliyopulizwa kabla ya vita vya 1914 ingaliweza kuwa bado kazini siku Julius Nyerere alipobatizwa hapo Nyegina, Desemba 1943. Kwa hiyo umri wa tabaka la jaa hauhukumiwi kwa chupa kongwe iliyomo, bali kwa ile changa kuliko zote: ikiwa chini ya tabaka, pasipo dalili ya udongo kuchimbuliwa tena, mna hata chupa moja ya soda ambayo mshono wake umefika mdomoni, basi chupa zote za mkono zilizolala juu yake zilitupwa baada yake, nazo haziwezi kusomwa sawasawa ila kina cha kila moja kiwe kimeandikwa kabla ya kuondolewa shimoni.