Kutembeza watoto Kampala: kupiga foto si kuona

Sisi watu wa Kamango mpaka hautugawi sana. Tukivuka Nobili tuko Bundibugyo, na kule tunakuta wajomba na mashemeji. Ndiyo maana jamaa nyingi zikipata nafasi zinafika hata Kampala, na siku moja ya safari inawekwa kando juu ya kutembeza watoto mjini. Ni jambo zuri kabisa. Lakini namna tunavyolifanya, tuseme ukweli, ina kasoro.

Tuangalie Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme 4 wa Buganda. Ile nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Mutesa I. Alipokufa mwaka 1884 akazikwa humo. Mwaka 2001 UNESCO iliandika Kasubi katika urithi wa dunia. Tarehe 16 Machi 2010 moto ukateketeza nyumba. Waganda hawakuiacha. Ufundi wa kuezeka ulikuwa bado mikononi mwa ukoo wa Ngeye, wenye kazi hiyo tangu kitambo. Kazi ilichukua miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Sasa mzazi wetu anafika pale, anapiga foto tatu, anaangalia saa: «Twende, tutachelewa sokoni!» Mtoto anarudi Kamango akisifu chipsi na magorofa. Ukimuuliza kwa nini watu wanavua viatu mbele ya nyumba ile, ananyamaza. Kosa si lake, hakuelezwa.

Tunasema hivi kwa sababu jambo lenyewe linatugusa. Mwezi wa Julai 2013, waasi wa ADF waliposhambulia Kamango, watu zaidi ya 60 000 walikimbilia Bundibugyo. Watoto wetu wengi walivuka mpaka mara ya kwanza wakiwa mgongoni mwa mama. Leo ni vijana. Nani amekaa nao chini kuwaeleza tulikimbiaje, na tulirudije? Kama Wangeye wasingefundisha watoto wao, nani angeezeka Kasubi?

Basi wazazi, kabla ya safari tukae jioni moja na watoto, tuwaambie wanaenda kuona nini. Kule tumwulize mwenye kutembeza wageni, bila haya. Tukirudi, mtoto asimulie mbele ya babu yake, na babu naye amjibu kwa habari za Watalinga. Hapo ndipo nauli yetu itakuwa haikupotea bure.