Neema Tatu katika Maktaba ya Piccolomini: Uhakiki wa Mahali pa Sanamu

Katikati ya Maktaba ya Piccolomini, ndani ya Kanisa Kuu la Siena nchini Italia, imesimama sanamu ya marumaru ya Neema Tatu, mabinti wa Zeus katika visasili vya Wagiriki. Ni nakala ya Kirumi ya kielelezo cha Kigiriki. Kuta zinazoizunguka zilichorwa na Pinturicchio mwanzoni mwa karne ya 16, kwa agizo la Kardinali Francesco Todeschini Piccolomini, aliyetaka kumuenzi mjomba wake, Papa Pius II.

Uhakiki uliozoeleka huishia kwenye ukinzani wa kidini: miungu wa kale, tena walio uchi, ndani ya kanisa. Ukinzani huo upo, lakini hauelezi muundo wa chumba. Michoro 10 ya ukutani husimulia maisha ya mtu mmoja kwa mfuatano, kuanzia safari ya kwenda Basel hadi Ancona, alikofia mwaka 1464. Sanamu haisimulii chochote. Binti wa kati amegeuza mgongo, wenzake wawili wametazama mbele. Hivyo mtazamaji hulazimika kuizunguka, na kila hatua humfunulia ukuta mwingine. Weupe wa marumaru na viungo vilivyovunjika huutia kikomo utukufu wa majoho na dhahabu ya kutani.

Mwaka 1857 sanamu iliondolewa kwa sababu za maadili, baadaye ikarejeshwa. Urejeshaji huo hauwezi kutetewa kwa hoja ya asili, kwani Kardinali aliipata Roma na kuihamishia Siena. Uhalali wake unatokana na makazi ya pili: zaidi ya karne tatu ambamo sanamu na michoro vilitazamwa pamoja. Ni kweli kwamba makazi hayo yana gharama, kwani sanamu imegeuzwa kuwa pambo la fahari ya ukoo mmoja.

Hata hivyo, sera ya uhifadhi inayotambua chimbuko pekee ingeipeleka Roma, na inayotanguliza staha ingeiacha nje ya maktaba. Zote mbili zingehesabu sanamu kuwa salama, bila kuona kwamba chumba kimepoteza kitovu chake. Sajili za urithi zinapaswa kuorodhesha, pamoja na kifaa na chimbuko lake, uhusiano kilioujenga na mahali kilipokaa.